Mradi wa picha za nyumbani, wiki ya sita: karafuu, mvua na mikono ya bibi

Haya jamani, nilipotea wiki mbili ila nipo. Karafuu zimeingia, na huku Wete, Pemba, karafuu zikiingia hakuna mwenye nafasi, mchana shamba usiku kuchambua, kamera ikabaki inaning'inia msumarini. Kwa asojua naongelea nini, nilijipangia kila siku nipige picha moja tu ya nyumbani kwetu, sio harusi wala sikukuu, yaani mambo ya kila siku, mtu anakuna nazi, mdogo wangu anatafuta kiatu cha skuli kimoja hakionekani, basi. Kamera ni Canon 1100D nimeinunua mkononi kwa mtu na lenzi yake ya kuvuta ya 18-55mm, baadae nikaongeza ile 50mm f/1.8 kwa sababu kila nnaemuuliza ananiambia hiyo ndo lenzi.

Mie imenishinda. Kwenye hii kamera sensa yake ndogo, 50 inakaa kama 80, yaani inavuta karibu mno, sasa chumba chenyewe kikishaingia kitanda na kabati kimejaa, narudi nyuma mpaka mgongo unagusa ukuta na bado napata pua na sikio tu. Nimerudi kwenye 18-55, jikoni giza na moshi natia ISO 3200, yaani kamera ishike hata mwanga mdogo, picha inatoka na chenga lakini bora chenga kuliko flashi, maana flashi ikimulika mara moja tu watu wote wanakaa wima kama wanapigwa ya kitambulisho.

Mgumu ni bibi. Kwake yeye picha ni ya studio, unavaa, unajifukiza udi, unasimama unakodoa macho mpaka uambiwe tayari. Na simlaumu, ukiingia Capital Art Studio kule Mji Mkongwe, ile ya tangu 1930, utaona picha za zamani watu walivyojipanga. Nikimuelekezea kamera tu anajitanda kanga usoni, "Weye mwana, n'kae hivi na kanga mbovu, watu waone nini?" Tukabishana siku tatu, mwisho akanipa ruhusa ya mikono tu, uso hapana.

Sasa hiyo mikono! Usiku tunakaa barazani na lundo katikati, yeye anakamata kichala, anakibana kiganjani anakipindua mara moja, karafuu zinamwagika huku makonyo, vile vijiti vyake, yanaruka kule, haangalii hata kidogo, na huku anahadithia habari za watu walokufa zamani. Vidole vimepiga weusi kwa utomvu, pete yake ya fedha imezama kwenye nyama haitoki tena. Nilianza na kasi ya shata 1/250 ya sekunde vidole vikaganda kama vya sanamu, nikashuka 1/30 vikawa moshi mtupu, 1/60 ndo ikakaa, pete inaonekana kali na vile vidole viwili vya mwisho vimefifia kidogo. Kupata hiyo moja nimepiga kama mia na ishirini, msinicheke.

Jumatano mvua. Karafuu zilikuwa zina siku ya pili juani, majamvi manne yametandazwa uwanjani, wingu likaja ghafla toka upande wa bahari na matone yakaanza, nyumba nzima ikatoka mbio kuanua, shangazi kakunja jamvi kama anakunja mkate, mdogo wangu anakusanya kwa ungo, na mie nikasimama pale pale na kamera. Mama akapiga ukelele, "Weka hilo lidude uje uanue karafuu, zinarowa!" Nikabonyeza mara moja nikaitupa ndani nikakimbia. Usiku naangalia, ISO ilibaki 100 ya jua la asubuhi na wingu lishatia giza, kwa hiyo shata ikaenda taratibu mno, kila mtu kavutika kama rangi ilopakwa na maji. Imeharibika kabisa kwa sheria za picha, na ndo nnayoipenda kuliko zote za wiki sita. Mama hajaipenda, anasema anajikumbuka vile nilivyosimama tu.

Mtandaoni nitarusha chache sana, nilishakubaliana na mama kwamba yoyote ambayo mwanamke hajafunika kichwa haitoki nje ya nyumba, na nzuri zote ni hizo. Kwa hiyo nachapisha. Nimeenda duka moja mjini na flashi diski, nikakaa palepale mpaka wakazifuta kwenye kompyuta yao mbele ya macho yangu, wakanuna, wanune. Ila nilitaka sentimita 10 kwa 15 wao wakachapa 13 kwa 18, hiyo saizi inakula pembeni, mdogo wangu mkono mmoja hana na ungo unaelea peke yake. Nusu kosa langu, sikuandika kwenye karatasi nikaamini mdomo.

Ya mikono imepona. Nimempelekea bibi jana baada ya alasiri, akaisogeza mbali akaisogeza karibu, akaiangalia muda mrefu kimya, mie moyo unadunda. Akasema, "Jamvi limetoboka hapa, hukuliona?" Nimeambiwa nirudie, na jamvi jipya.