Gunia la Shinkolobwe

Tarehe 5 Agosti niliondoka Nakuru kwa matatu ya alfajiri kuelekea Kisumu, nikiwa na turubai ya kuchorea iliyoviringishwa, ndefu kuliko upana wa mlango wa gari. Kondakta aliitazama, akauliza, "Mwalimu, hilo ni bango la siasa?" Nilimjibu kuwa ni picha ya bomu la atomiki la Hiroshima, naye akailaza chini ya viti bila kunidai nauli ya mzigo.

Baada ya Salgaa baridi ilizidi, na pale Mau Summit ukungu ulikuwa mzito, ukatusindikiza hadi kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Njia nzima niliwawaza Maruki Iri na mkewe Toshi, wachoraji wa Japani waliofika Hiroshima siku chache baada ya bomu la tarehe 6 Agosti 1945, kisha wakatumia zaidi ya miaka 30 kuchora picha kubwa 15, nyingi zikiwa zimejaa miili ya watu walioungua. Mabango mengi hupenda lile wingu lenye umbo la uyoga, lakini mimi naamini kwamba wingu ni taswira ya aliyeangusha bomu akiwa angani, ilhali waliokuwa chini waliona ngozi za ndugu zao zikichunika.

Hata hivyo, kuna mtu ambaye ni nadra kumwona katika picha hizi zote. Sehemu kubwa ya urani, madini yaliyotumika kutengeneza bomu lile, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, Kongo ilipokuwa chini ya Ubelgiji, na mwaka 1940 takriban tani 1,200 za mawe yake zilipelekwa New York. Ndiyo maana nilimchora mchimbaji wa Katanga, gunia begani, mbele ya mji unaowaka.

Vijana walionialika walikuwa Dunga, Kisumu, kando ya ziwa, wakikunja ndege aina ya korongo wa karatasi kwa ajili ya kumbukumbu ya kesho yake. Walifuata mfano wa Sasaki Sadako, msichana wa Hiroshima aliyekuwa na miaka 2 bomu lilipoanguka, akakunja korongo hospitalini akiugua saratani ya damu, na akafariki mwaka 1955 akiwa na miaka 12. Karatasi yao waliitengeneza wenyewe kwa gugumaji, yale magugu yanayozuia mitumbwi. Ilikuwa nene, ikipasuka kila ilipofika mdomo wa ndege, hadi binti mmoja alipoanza kulowesha mkunjo kwa ncha ya kidole, akasubiri kidogo, ndipo akaubana taratibu kwa ukucha.

Tulipotundika turubai, mama mmoja muuza samaki alitua beseni lake na kuitazama kwa muda mrefu.

"Huyu wa gunia ni wa wapi, mwanangu?"

"Wa Kongo, mama. Bomu lilitokana na mawe ya kwao."

"Na yeye alijua anabeba nini?"

Nilimwambia kwamba siri ilikuwa ya wakubwa. Akanyamaza, kisha akanyoosha kidole kwenye miguu ya mchimbaji. "Huyu hajabeba kitu. Mtu mwenye mzigo wa mawe hasimami wima hivyo, magoti lazima yalegee."

Alisema kweli. Nilifungua tena makopo ya rangi, na kabla jua halijazama juu ya ziwa nilikuwa nimemwinamisha.