Tuta la maua la kivulini lenye udongo haba: jinsi tulivyolitengeneza

Tuta lilikuwa la mita 3 kwa sentimita 50, kando ya ukuta usiopata jua, Dar es Salaam. Chini yake kuna zege, na udongo una kina cha sentimita 15 tu. Mabogenvilia yalirefuka bila kuchanua kwa kukosa jua, kisha mizizi ikaoza: mvua za masika hazikuwa na pa kutokea.

Tulianza na maji, si mimea. Ukingo ulitobolewa matundu ya milimita 20 usawa wa zege, kila baada ya sentimita 50, na ndani ukawekwa wavu ili udongo usitoke. Kokoto hatukuweka. Wengi huzitandaza chini, lakini maji hunasa juu yake mpaka udongo ulowe chepechepe, na kina kidogo kilichopo hupotea bure. Mchanganyiko ulikuwa karai 2 za udongo wa juu, 1 ya mboji iliyoiva na 1 ya mchanga wa chembe kubwa.

Nyuma ilipandwa Zamioculcas zamiifolia, mmea wa asili ya Afrika Mashariki unaohifadhi maji kwenye vishina vinene vya ardhini, kwa nafasi ya sentimita 40. Mbele ni Chlorophytum comosum (spider plant), mmea mfupi wa majani marefu membamba, kwa nafasi ya sentimita 25. Mwagilia pale tu kidole kikizama sentimita 3 na kukuta pakavu; Zamioculcas hufa kwa maji mengi upesi kuliko kwa ukame. Utomvu wake huwasha, kwa hiyo vaa glavu unapoukata, na usiupande wanapocheza watoto wadogo.