Usiku wa haluli kwa shangazi, Bagamoyo

Juzi mtoto wa dada kanunua ule unga wa juisi ya ndimu wa dukani, kaumimina kwenye jagi anakoroga, mi nimekaa zangu sebuleni harufu ikanifikia, tumbo likanguruma lenyewe na mate yakajaa mdomoni, na wala sio mate ya hamu. Dogo ananikaribisha, "mamdogo nikuwekee?" Nikamwambia kunywa tu baba, mi na ndimu ya unga tulishamalizana.

Kuna kipindi damu ilikuwa inaniishia mwilini. Naongezewa, inapanda, baada ya muda inashuka tena na hakuna anayejua inapotelea wapi. Kamera ya mdomoni wakapitisha, hamna kitu. Ya nyuma wakapitisha, hamna kitu. Daktari wa Dar akasema sasa kimebaki cha katikati, maana mpira wa juu unaishia mwanzoni tu mwa utumbo mwembamba na wa chini unaishia kwenye utumbo mpana, pale kati kuna mita 6 hivi ambazo mipira ya kawaida haizifikii. Kwa hiyo utameza kamera. Kidonge cha milimita 26 kwa 11, ndani kina taa, kamera na betri ya saa 8 au zaidi, kinashuka njia ile ile ya chakula huku kinapiga picha mbili tatu kila sekunde na kuzirusha kwenye kifaa ulichofungwa kiunoni. Nikasema haya, kumeza kidonge nayo kazi? Kumbe kidonge ndo cha mwisho kabisa, kazi yote iko kabla yake.

Vidonge vya kuongeza damu nikaambiwa niache wiki nzima kabla, vinaacha weusi utumboni kamera haioni vizuri. Siku ya kuamkia kipimo hakuna kula, vya kunywa tu, na vyenyewe sio vyote. Nesi alinielekeza kwa kifupi: weka kidole nyuma ya glasi, ukikiona kunywa, usipokiona mpe mwenzio. Na chekundu chochote marufuku, kisije kikaonekana ni damu. Basi shangazi, Mungu amweke, kaamka asubuhi kapika uji mwepesi, nikaweka kidole, hakionekani. Karudi na juisi ya rozela. Nikamwambia shangazi hiyo nyekundu. Akaguna, "sasa hao wanataka ufe kabla hawajakupima?" Nikashinda na chai ya rangi na maji.

Na kwa shangazi ni Dunda, upande ambao jioni upepo wa baharini unakuletea samaki wote wanaokaangwa kule sokoni, changu, ngisi, pweza, unawatambua mmoja mmoja kwa pua.

Jioni hiyo ndo nikafungua ile dawa ya kusafisha tumbo, unga wenye ladha ya ndimu unauchanganya kwenye maji lita 2, unakunywa glasi moja kila robo saa. Shangazi akaweka mkeka uani, akakaa mbele yangu na tasbihi yake. Akaichukua pakiti, akanusa.

"Mwanangu, hii si haluli tu hii?"

"Sio haluli shangazi, hii ya hospitali."

"Inaharisha haiharishi?"

"Inaharisha."

"Basi haluli. Sisi shule zikifunga tu, marehemu bibi yako anatupanga mstari, huyu haluli, huyu mafuta ya mbarika, na hakuna aliyetupeleka Dar kwa ajili hiyo."

Glasi ya kwanza ilipita. Ya pili nikaanza kuijua, ile ndimu imewekwa juu juu tu, chini yake kuna chumvi chumvi na utelezi, inashuka kooni kama maji ya bamia. Nikawa nabana pua. Shangazi kila nikimaliza glasi anasogeza punje moja ya tasbihi kwa kidole gumba, polepole, halafu ananiangalia mi, anaangalia jagi, wala haniambii pole. Nilijaribu kumimina kidogo kwenye ua la jirani akasema bila hata kugeuka, "hilo ua halijaandikiwa kipimo." Katikati ya jagi tumbo likaitika. Sitaelezea. Niseme tu choo kiko nyuma ya nyumba, umeme ulikuwa umekatika, simu yenye tochi ilikuwa chaji inaisha, na watoto wa mle ndani wakagundua kwamba nikinyanyuka tu wakipiga kelele "pisheni njia!" nacheka, na kucheka ndo kitu nilichokuwa sitakiwi kabisa kufanya wakati ule.

Alfajiri jirani akanipeleka Dar na gari lake. Kerege tukasimama. Bunju tukasimama tena, kijana wa sheli akaniona ninavyotembea akanikabidhi ufunguo kabla sijaongea.

Kipimo chenyewe hakina stori. Wakanibandika vinasa tumboni, wakanifunga mkanda, nikameza kwa maji, kikashuka. Baada ya saa 2 maji, baada ya saa 4 kitafunwa chepesi, jioni wakanivua vifaa, wakanionya nisiingie kwenye mashine ya MRI, ile ya kupiga picha kwa sumaku, mpaka kidonge kitoke. Shangazi kwenye simu alikuwa na swali moja tu, hiyo kamera itabidi kuirudisha? Nikamwambia hapana, ikitoka imetoka, haitumiki mara mbili. Akashukuru Mungu kwa sauti.

Picha zilikuwa maelfu kwa maelfu, daktari akakaa nazo, akaja na kidoa kimoja chekundu ambacho alisema huenda ndicho, huenda sicho, tuendelee na vidonge vya kuongeza damu tuangalie. Tukaangalia. Damu ikapanda na mpaka leo haijashuka, na kwanini hakuna aliyeniambia kwa uhakika.

Shangazi yeye anajua. Ukienda pale nyumbani atakwambia mtoto huyu alihangaika Dar yote akaja kuponea kwangu kwa haluli. Nikimwambia ile ilikuwa ya kusafisha njia tu ili kamera ione, ananiuliza, "na hiyo kamera yenu iliona nini?" Hapo huwa namuuliza kama kuna chai.