Somo la wakimbizi: anzia Tengeru, usianzie Nyarugusu

Walimu wengi wa shule za msingi wakifika kwenye mada ya wakimbizi huanza na picha za kambi kama Nyarugusu: mahema, foleni, mtoto analia. Darasa linatulia, kipindi kinaisha, mwalimu anaamini somo limeingia. Kesho yake uwanjani mtoto anaitwa "mkimbizi wewe" kwa sababu shati lake limechanika. Huruma wameipata, lakini dharau iko palepale, maana picha imewaambia kwamba wakimbizi ni watu wa aina yao: maskini, wa nchi ile ya jirani, wa kupewa tu.

Kwa hiyo anza na Tengeru, Arusha. Kuanzia mwaka 1942 waliishi pale wakimbizi wapatao 5,000 kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kupelekwa Umoja wa Kisovieti, wakapitia Iran, kisha wakaletwa kwa meli Afrika Mashariki. Makaburi yao yapo hadi leo. Bandika ramani ya dunia ukutani, mpe mtoto uzi na pini, aifuate safari hiyo kituo kwa kituo. Halafu uliza swali moja tu: hapa mwenyeji ni nani?

Baada ya Tengeru, Shimoni. Januari 2001, maandamano ya Zanzibar yalipozimwa kwa risasi, watu zaidi ya 2,000 walikimbia kwa mashua hadi Shimoni, Kenya, wengi wao kutoka Pemba. Mtoto aliyezoea kuambiwa kwamba nchi yake ni kisiwa cha amani atashtuka. Mwache ashtuke, usikimbilie kumtuliza. Sasa ndipo ufike Nyarugusu, Kasulu, kambi iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita.

Maana ya neno ifundishe kwa visa, si kwa kukariri. Andika vinne kwenye vipande vya karatasi: kijana aliyekwenda Dubai kutafuta kazi, familia iliyohama Rufiji kwa mafuriko, mwandishi wa habari aliyevuka mpaka akiogopa kufungwa kwa maoni yake, na familia iliyokimbia mapigano lakini haijatoka nchini mwake. Mkimbizi ni huyo wa tatu peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi unataja hofu ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Ule wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 uliongeza vita na machafuko. Watabishana sana juu ya familia ya nne, na wana haki: hao huitwa wakimbizi wa ndani, na mikataba hii miwili haiwahusu.

Zoezi linalofanya kazi kuliko yote ni la dumu. Leta dumu la lita 20 lililojaa, kikombe cha lita moja na ndoo tatu. Lita 20 ndicho kiwango kinacholengwa kambini kwa mtu mmoja kwa siku. Dharura inapoanza hukubalika hata 15. Kundi la watoto sita ligawe maji hayo kwa matumizi ya mtu mmoja, ndoo moja kwa kila kazi: kunywa na kupika, kuoga, kufua. Kwenye kufua ndipo ugomvi unapoanza, kwa kuwa ndoo mbili za kwanza zimekwisha kula karibu yote. (Maji yakamwagiliwe miche, yasimwagwe.)

Zoezi hili huharibika mwalimu akihitimisha kwa "mnaona walivyo na shida". Kijijini kuna mtoto atakayejibu: hata kwetu ndivyo. Anasema kweli, na jibu lake ni zuri kuliko lolote uliloandaa. Endelea kutoka hapo. Yeye kisima kikikauka anaweza kwenda kijiji cha pili, ilhali mkimbizi nchini Tanzania hatoki kambini bila kibali. Tofauti kubwa iko kwenye ruhusa, si kwenye maji.

Maigizo ya kukimbia, ya milio ya bunduki na kujificha chini ya madawati, achana nayo kabisa. Wengi watacheka, na kama yupo aliyeyapitia, utakuwa umemrudisha kulekule. Mtoto mkimbizi akiwamo darasani, zungumza naye na mzazi wake kabla, faraghani, na usimwombe asimulie. Akitaka kusema, atasema.

Sentensi kama "wakimbizi ni wezi" usiijibu kwa hotuba. Chora safu mbili ubaoni: niliyoona na niliyosikia. Muulize alimwona nani, wapi, akiiba nini. Safu ya pili hujaa haraka. Ya kwanza hupata labda mtu mmoja na kuku mmoja. Andika hivyohivyo, bila kumkebehi aliyesema, kwani ameyatoa nyumbani. Muda ukitosha, jazeni safu hizohizo kwa yale wanayosema kuhusu kabila la jirani. Hapo hata darasa lisilo na mkimbizi hata mmoja huwa na mengi ya kuandika.