Vegas, mimi na bwana yangu

Watu wa Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, mmeniuliza sana kama tulicheza kasino. Bwana yangu alitia dola 20, mashine ikazimeza kabla hajakaa vizuri, akasimama. Mimi nilienda kuangalia, na mengi ya kuangalia Las Vegas hayalipishwi.

Kila usiku tulirudi mbele ya hoteli ya Bellagio. Ziwa lake ni la kutengenezwa, katikati ya jangwa, na maji yanarushwa kwa muziki tangu 1998. Yanatulia mpaka unafikiri yamekwisha, mara yanalipuka kama baruti ya mgodini, matone yanakufikia usoni. Bwana, ambaye hata kwenye harusi ya dada yake hakucheza, alinishika mkono tukayumba pale kati ya watu. Picha ninayo. Hataki niiweke hapa.

Ng'ambo ya barabara kuna mnara wa Eiffel, nusu ya ule wa Paris, mita 165 hivi. Kwa hoteli ya Venetian unapandishwa mtumbwi ndani ya jengo, mbingu imechorwa darini! Saa ya ukutani sikuiona popote kwenye kasino, na najua kwa nini.

Lakini taa zile, jamani. Sisi wa Lubumbashi tunaookota mshumaa gizani bila kupapasa, tulitaka kujua umeme wa huko. Tukaenda bwawa la umeme la Hoover, lililokamilika 1936 kwenye mto Colorado. Bwana aliuliza habari za mitambo mpaka mwongozaji akaanza kuangalia saa.

Bukari, ugali wetu, haipo. Niliulizia.