Fundi wa Lindi

"Afande, fundi wa Lindi ni nani?"

Kuruta alikuwa amesimama juu ya jukwaa la mabomba, kichwa na mkono mmoja vimezama ndani ya tumbo la bawa la kushoto. Mimi nilikuwa chini na karatasi za ukaguzi, namwona kuanzia kiunoni kushuka. Ni mwaka 1974, saa tisa mchana, na hanga la Ukonga limeiva kwa joto. Alikuwa anasoma kwa kioo, kile kidogo chenye mpini kama cha daktari wa meno, kwa hiyo maandishi yalimjia kinyumenyume, akawa anayaokota herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. "Fundi... wa... Lindi. Halafu sita, tisa."

Nikamwambia aendelee na kazi.

Ndege yenyewe ilikuwa Caribou, ya kubeba askari na mizigo, iliyotengenezwa na de Havilland ya Kanada kule Toronto. Ilikuwa na injini mbili za Pratt & Whitney, kila moja na silinda 14 zilizopangwa duara, na kila silinda plagi mbili. Siku ukibadilisha plagi zote 56, jioni hata kijiko cha bwaloni kinakushinda kushika. Askari 32 walikaa ndani wakitazamana, na mlango wa nyuma ulishuka kama ulimi. Mwalimu wetu Mkanada alitueleza kwamba caribou ni mnyama wa nchi za barafu, jamii ya kulungu, ana pembe kama matawi ya mti. Sisi tulisikia "karibu" na hatukutaka kusikia jingine. Kwenye mlango ule wa nyuma, upande wa ndani, mtu aliandika kwa chaki "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Ilifutwa, ikarudi. Ikafutwa tena, ikarudi tena, na mwandiko si uleule.

Alama za namna hiyo zilikuwapo kila pembe, ukijua pa kutazama. Sizungumzii saini za kitabuni. Hizo ni amri: umefungua kitu, umekifunga, unaandika na kusaini, na likitokea la kutokea unaitwa kwa saini yako. Ninazozungumzia ni zile ambazo hakuna aliyekuagiza kuziacha. Chukua waya wa kufungia bolti. Kichwa cha bolti kina tundu. Unapitisha waya, unausokota ncha mbili pamoja, unaupeleka hadi kwenye bolti ya jirani, umeuvuta kiasi kwamba bolti hii ikitaka kulegea inaikaza yenzake. Mwisho unaukata na kuikunja ncha isije ikachana mkono wa mtu. Mwalimu aliita ile ncha mkia wa nguruwe. Waislamu wa kikosini hawakufurahi, ikabatizwa mkia wa mjusi, na hadi nastaafu sikusikia jina jingine. Basi kila mtu na mkia wake. Mmoja wa Pemba alikunja ndoano, mwingine aliulaza bapa kama kisogo cha nyoka, mimi nilikunja mara mbili, ndani kisha nje, kwa sababu tu mara ya kwanza kidole kiliteleza, nikaona limependeza.

Au ule mstari wa rangi nyekundu unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bodi. Kazi yake ni kukuonyesha kama nati imezunguka: mstari ukikatika, kuna kitu kimecheza. Kulikuwa na koplo aliyeuchora mwembamba, umekolea, kama wanja wa bibi harusi. Ukiuona unajua nani alipita hapa, na unajua pia kwamba huna haja ya kuijaribu spana. Unaijaribu vilevile, ndiyo kazi, lakini moyo umeshatulia.

Mimi yote hayo hayakunitosha. Baba yangu alikuwa seremala Lindi, mtu wa vitanda na makabati, penseli bapa sikioni toka alfajiri. Kila kitanda alichomaliza alikipindua, akaandika chini ya ubao jina lake na mwaka. Mwenye kitanda haoni. Anayeona ni fundi mwingine, siku kitanda kikivunjika. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ndiyo maana ya kumaliza kazi. Kwa hiyo mwaka 1969, nikiwa na wiki chache tu tangu niruhusiwe kufunga kitu bila mtu kunisimamia, nilimaliza kazi ndani ya bawa, nikachomoa kipande cha penseli mfukoni mwa ovaroli, nikapitisha mkono kwenye tundu la ukaguzi na kuandika kwa kupapasa kwenye bati la chini, upande wa ndani: Fundi wa Lindi 69. Nikafunga kifuniko, skrubu zote, safi. Usiku ule nililala kama mtu aliyelipwa deni.

Penseli tulikatazwa. Tulikatazwa siku ya kwanza kabisa, na mimi katazo lile niliandika kwenye daftari langu, kwa penseli.

Tena yule Mkanada alitusimulia kisa ambacho nadhani ndicho kilichonipa kichwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Boeing kule Seattle kilipotoa ndege ya mabomu B-17 ya 5,000 tangu bandari ya Wamarekani ya Pearl Harbor ishambuliwe, wafanyakazi waliiandika majina yao mwili mzima, pua hadi mkia, na mwaka 1944 ikaenda vitani Ulaya na majina yake hivyohivyo. Mimi nilishika kwamba waliandika. Kwamba waliandika kwa rangi, wala si kwa penseli, hilo lilipita pembeni ya sikio.

Sasa kuruta akashusha kichwa, uso umejaa jasho. "Afande, na kuna unga."

Nilipanda mwenyewe. Nilipokitega kile kioo nikaliona jina langu kama sijawahi kuliandika. Penseli haikuwapo tena. Palipokuwa na mstari mweusi palikuwa na mstari mweupe, umevimba, kama chumvi inavyoota kwenye ukuta wa nyumba ya pwani. Nilipougusa kwa ukucha ukamomonyoka, na chini yake palikuwa na mfereji. Bati lote la jirani linang'aa, halina doa. Kutu ilikuwa imefuata mwandiko, kila kona ya kila herufi, hadi ile mikia niliyoirefusha kwa mbwembwe. Tundu la kutolea maji lilikuwa karibu na herufi L, na hapo ndipo palipochimbika kuliko kwingine.

Sajenti aliitwa. Alitazama muda mrefu, akashuka, akafuta kioo kwenye suruali, akawakusanya vijana wote waliokuwa hangani.

"Nani hajawahi kupasua betri ya tochi?"

Kila mtu alikuwa amepasua. Shuleni tulipasua mabetri, tukatwanga ule weusi wa ndani na kuupaka ubaoni.

"Katikati mna nini?"

"Kijiti cheusi, afande."

"Kaboni. Na ganda la nje ni zinki. Betri ikizeeka kipi kinaliwa, kijiti au ganda?"

"Ganda, afande. Linatoboka, linavuja."

"Penseli ndiyo kijiti. Bati ndilo ganda. Maji ya chumvi tunayo ya bure, tunaruka Mafia, tunaruka Mtwara. Kuna mtu alitutengenezea betri ndani ya bawa, ikawaka miaka mitano." Akanyamaza kidogo. "Fundi wa Lindi."

Watu wa Lindi tuliopita kikosini miaka ile tulikuwa wawili. Mwenzangu alishaacha jeshi, nikasikia anatengeneza mabasi huko Kusini. Nilitazama buti zangu. Sajenti hakurudia swali. Alisema ndege haitoki, akaenda zake kunywa chai.

Usiku sikulala, lakini sitaki kujipamba kwamba nilikuwa nalia kwa majuto. Nilikuwa napiga hesabu. Yule wa mabasi hatarudi kamwe, hana cha kupoteza, jina lake likiandikwa kwenye kitabu cha hitilafu halimuumizi popote. Nilikwisha kuitunga sentensi yenyewe, ilikuwa nzuri, haikuwa hata na uongo wa moja kwa moja. Kilichonisumbua ni kitu kidogo sana: kila nikiifikiria namwona baba anapindua kitanda cha mtu mwingine na kuandika jina ambalo si lake.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa sajenti, nikachukua kitabu, nikaandika hitilafu. Kutu, bawa la kushoto, bati la chini, upande wa ndani. Kwenye sababu nikaandika: alama ya penseli, 1969. Kisha jina langu kamili na namba yangu. Kalamu ilikuwa inakwama, nikalazimika kuikandamiza.

Alisoma bila kuinua uso. "Nilikupa hadi saa nne," akasema.

"Afande ulijua?"

"Pale kando ya maandishi kuna bolti mbili. Umezitazama?"

Sikuwa nimezitazama. Jana macho yangu yalikuwa kwenye jina tu.

"Nenda katazame mkia wa waya."

Nilirudi jukwaani na kioo. Bolti mbili, kiganja kimoja kutoka kwenye herufi ya kwanza, na waya unaozishika umesokotwa sawasawa, ncha imekunjwa mara mbili, ndani kisha nje. Miaka mitano hakuna aliyewahi kuugusa. Kikosi kizima kilijua ule mkunjo ni wa nani.

Adhabu ilikuwa wiki mbili za zamu ya usiku, na kazi nzima niifanye mimi, kuruta anisaidie. Tulisugua kwa msasa laini na maji. Stilwaya ya kusugulia masufuria hairuhusiwi kabisa, inaacha chembe za chuma na unakuwa umepanda kutu nyingine. Herufi zikaondoka moja baada ya nyingine. "Fundi" ilitoka yote, "wa" ikatoka. Tukapaka ile dawa inayoligeuza bati rangi ya dhahabu, kisha praima ya kijani inayoelekea umanjano. Lakini pale kwenye L kipimo cha kina kilikataa. Ilibidi tukate bati na kuweka kiraka.

Kuruta alikaa nje na bunduki ya riveti. Mimi niliingiza mkono ndani na chuma kizito cha kupokelea, nakikandamiza kwenye mkia wa kila riveti wakati yeye anapiga. Kila pigo lilinipanda mkononi hadi kwenye meno. Alikuwa mgeni wa kazi, riveti tatu za kwanza alizipinda, tukazitoboa na kuzirudia, na nilikuwa sina mdomo wa kumkaripia. Katikati ya kazi nikasikia sauti ya sajenti chini ya bawa.

"Ule waya umeukata?"

"Bado, afande. Nilitaka niufunge upya na wenyewe."

"Acha. Umefungwa vizuri."

Kiraka kilitoka mraba, mdogo kuliko kitabu, na kwa kuwa mabawa ya Caribou yako juu kila mtu aliyepita chini alikiona. Vijana wakakiita Lindi. Kufika mwisho wa mwaka hata marubani walikuwa wamezoea, wanaizunguka ndege asubuhi na tochi mkononi: tairi, breki, mafuta yanayodondoka injini ya kushoto, Lindi.