Gari la Kuchinja

Chesisi ilikuwa imeshalipiwa nusu, na mwezi wa kwenda kuichukua nishapewa, lakini gari la kuchinja bado sikuwa nalo. Ndivyo yalivyo magari ya kujiundia hapa Uingereza: kiwanda kidogo kinakuuzia mifupa na ngozi, yaani fremu ya mabomba na vipande vichache vya faiba; moyo, mapafu na miguu unajitafutia mwenyewe kwenye gari kuukuu. Yangu ilikuwa Exocet, muundo wa Stuart Mills, na gari lake la kuchinja ni moja tu: Mazda MX-5.

Nyumbani Mombasa nilipowaeleza ndugu zangu, hawakunielewa. Kwa nini mtu anunue gari, alivunje, kisha aunde jingine lisilo na paa wala milango, tena nchi ya mvua? Hapa ni jambo la miaka mingi. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alitoa Lotus Seven, gari jepesi la wazi la viti viwili, na wengi waliinunua ikiwa vipande kwa sababu ya kodi: gari zima lilitozwa kodi ya mauzo, la vipande halikutozwa. VAT ilipoingia mwaka 1973 unafuu huo ukaisha, lakini mapenzi hayakuisha. Waliofuata waliunda magari ya mfano wa Seven kwa viungo vya Ford Escort, baadaye Sierra, kwa kuwa injini zake zimekaa kwa urefu wa gari na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nilipoingia mimi, Escort za zamani zilikuwa mikononi mwa watu wa rali kwa bei zisizoshikika, na Sierra zilikuwa zimekwisha barabarani. Ikabaki MX-5.

Mazda waliitoa mwaka 1989, na fundi yeyote akiingia chini yake ataona kwa nini tunaipenda. Gia boksi na difu vimeunganishwa kwa fremu moja ndefu ya alumini. Ukifungua boliti zinazoshika bodi, ukachomoa nyaya na mipira ya maji na mafuta, unaweza kuinua bodi nzima ukaacha injini, gia boksi, difu na magurudumu manne vimekaa sakafuni, vyote vimeshikana. Kisha unaishusha chesisi mpya juu yake. Gari lililokuwa na karibu kilo 1,000 linabaki chini ya 700, na nguvu farasi ni zile zile. Mara ya kwanza kuona kazi hiyo ikifanywa, nilikaa usiku kucha sina usingizi.

Msaidizi wangu alikuwa Ami, mdogo wake marehemu baba, aliyekuja Leicester kwa mwanawe baada ya kustaafu. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuunganisha magari Mombasa, enzi za Peugeot 504, magari yakishushwa Kilindini yakiwa vipande ndani ya makasha. Nilipomwonyesha picha za Exocet hakushangaa hata kidogo. Alivaa miwani, akatazama viungio vya chesisi kimoja kimoja, akasema, "Basi kazi hii naijua. Niambie gari tunalipata wapi."

Kulipata ndiko kulikokuwa na kazi. Nilitaka la toleo la kwanza, lenye taa za kuchomoza kwenye boneti, na nilitaka injini ya 1.8 iliyokuja mwaka 1993. Ina farasi 130 hivi ukilinganisha na 115 wa ile ya 1.6 ya mwanzo, na difu lake ni kubwa na imara zaidi. Lakini kuliko injini, nilitaka karatasi. Sheria ya wakati ule ilikuwa hivi: ukitumia chesisi mpya pamoja na sehemu kuu mbili kutoka gari moja lenye asili inayojulikana, gari lako jipya hupewa namba ya umri wa lile la zamani. Usipoweza kuthibitisha asili, unapewa namba inayoanza na Q, na kila atakayeliona atajua hivyo. Umri wa injini nao ndio unaoamua moshi upimwe kwa kiwango gani siku ya IVA, ukaguzi ambao gari la kujiundia hupitia kabla ya kusajiliwa. Kwa hiyo gari lisilo na logbook, hata liwe na injini ya dhahabu, kwangu lilikuwa rundo la spea tu.

Yalipatikana mengi ya namna hiyo. Kuna lililokuwa limeandikwa na bima kuwa la kundi B, maana yake viungo vinauzika lakini bodi lazima isagwe, na gari hilo halirudi tena barabarani. Kuna jamaa aliyeniapia kwamba logbook "iko njiani", na kila nikimpigia simu iko njiani bado. Kuna lililofungwa king'ora na fundi wa mtaani, nyaya za chini ya dashibodi zikakatwa na kuungwa kwa gundi ya karatasi. Hilo nilifunga mlango nikaondoka. Kwenye gari la kujiundia nyaya za asili ndizo utakazozihamisha, na nyaya zilizokwisha kuchezewa zitakula miezi yako.

Kisha likatokea jekundu, karibu na Kettering. Nalikumbuka mpaka leo. Chini lilikuwa kavu, vizingiti vya milango vigumu kama siku vilipotoka kiwandani, paa la turubai jipya, na kitabu cha huduma kilichogongwa mihuri yote. Mwenyewe alikuwa anahama nchi na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wangu. Ami alilizunguka, akalisikiliza injini, akanivuta kando.

"Toa pesa, mwanangu. Hutapata jingine kama hili."

"Ami, hili halijafika kuchinjwa."

"Gari ni chuma. Chuma hakina roho."

Ni kweli hakina. Lakini mimi nilikuwa na sharti langu na sikuwa tayari kulivunja: sitakata gari lililo zima. MX-5 za toleo la kwanza zinapungua kila mwaka, na zinazoziua si ajali, ni kutu. Ukiikuta moja iliyookoka, wewe unayependa magari una haki gani ya kuifanyia kilichoshindwa kufanywa na chumvi ya barabara ya miaka ishirini? Zipo zilizokwisha kufa bodi lakini injini bado inataka kwenda. Hizo ndizo zetu. Nilimwambia yule bwana alitangaze kwa watu wanaotaka kuliendesha, na nilimweleza kwamba bei aliyoiweka ilikuwa ya chini mno. Ami hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani, na hata uji alioandaliwa hakuugusa.

Nikabadilisha namna ya kutafuta. Serikali ya huku imeweka wazi historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa kila mwaka: unaandika namba ya gari tu, unasoma lilipita lini, lilianguka kwa nini, na mkaguzi alimwonya nini mwenye gari. Badala ya kuanza na picha za wauzaji, nikaanza na historia hizo. Nilitafuta gari ambalo kutu yake inasimuliwa mwaka hadi mwaka, kwanza kutu kidogo, mwaka wa pili kutu kwenye vizingiti, wa tatu limeanguka. Lakini ambalo halina onyo hata moja la injini, oili, moshi wala bearingi. Gari la namna hiyo limeoza nje, ndani zima.

Lililokuja kuwa letu nililipata Lincolnshire, kando ya Boston, kwenye zile nyanda za kabeji zisizo na mwisho ambako upepo wa Januari unapita bila kuzuiwa na chochote. Mwenye gari alikuwa kijana dereva wa malori ya mboga. Alikuwa amepata mtoto, na gari lenye viti viwili halimbebi mtoto na mama yake. MOT ilikuwa imelikataa kwa vizingiti vyote viwili, na bei aliyotajiwa ya kuchomelea ilizidi thamani ya gari lenyewe. Namba yake ilianza na herufi M, kwa hiyo nilijua kabla ya kufika kwamba ni la kati ya Agosti 1994 na Julai 1995.

Ami alishuka na jeki yake, stendi zake na bisibisi. Alianzia nyuma, mbele kidogo ya gurudumu, mahali ambapo MX-5 zote huanza kufa: maji ya turubai yanatakiwa yatoke kwa vijitundu vya pembeni, majani yakiziba, maji yanaingia kizingitini na kutulia humo. Aligonga kwa mpini, ikatoka sauti ya kijibati. Akasukuma ncha, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Akaniangalia kwa furaha ambayo kijana wa watu hakuielewa.

Tukaingia chini. Hapa ndipo palipokuwa na maana, kwa sababu bodi tungeitupa lakini hivi tungevihamisha. Fremu ndogo ya mbele na ya nyuma nilizigonga kila pembe kwa nyundo, na kila pembe ilijibu kwa sauti nzito ya chuma kizima. Fremu ya alumini haikuwa na ufa. Boliti ndefu za mikono ya nyuma zilikuwa zimeshikana na bushi zake, jambo la kawaida; zingekatwa kwa msumeno na kununuliwa mpya. Bomba za breki zilikuwa zimeliwa, nazo hazikunihusu, kwa sababu chesisi mpya inawekewa bomba mpya. Chini ya dashibodi nyaya zilikuwa bado zimevikwa tepu ya kiwandani, hakuna mkono uliozigusa.

Tulipoliwasha, juu ya injini paligonga tik-tik-tik. Nikaona uso wa Ami umebadilika. Nilimwambia asubiri: injini hizi zina tapeti za haidroliki, likikaa muda mrefu oili inazikimbia. Tuliliacha lichemke kwenye baridi ile, na kadiri joto lilivyopanda mlio ukafifia, ukakoma. Kisha tukatoa plagi, tukapima kompresheni. Silinda nne, zote juu ya psi 170, zimekaribiana. Ami alizisoma, akazirudia, akaifuta geji kwa leso na kuirudisha mfukoni.

"Mpe mia tano," alininong'oneza kwa Kiswahili. "Na usimwonyeshe umelipenda."

Kijana alitaka paundi 700. Kabla ya kutaja bei nilimweleza wazi kwamba sitalitengeneza, nitalifungua lote, na bodi itakwenda skrepa. Nilihisi ni haki yake kujua. Alifikiri kidogo, akauliza kama injini itatembea tena. Nikamwonyesha picha ya Exocet kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akamwita mkewe aje aone. Tukakubaliana 550, na akaniongezea paa gumu lililokuwa limeegeshwa ghalani, ambalo hakulihesabu kuwa na thamani. Nilimwambia kwamba lina thamani, na linaweza kumpa sehemu kubwa ya ile 150 niliyompunguza. Akasema nilichukue tu.

Kwa kuwa halikuwa na MOT halikuruhusiwa kuendeshwa, kwa hiyo tulikuja na tela la kukodi. Kulifunga kamba kulituchukua muda, maana ndoano za kuvutia mbele ziko palipooza. Ami alipitisha kamba kwenye magurudumu. Tulirudi kwa A16 na kisha A47, polepole, upepo ukilisukuma tela, na njia nzima Ami alinisimulia jinsi walivyokuwa wakifungua makasha ya 504, na jinsi msimamizi wao alivyowafundisha kupanga boliti kwenye mikebe kwa mpangilio wa kuzifunga. Habari hizo sikuwahi kuzisikia, si kwake wala kwa baba. Lile jekundu la Kettering hakulitaja tena.

Boneti ya MX-5 ni ya alumini na ina wateja. Hiyo, paa gumu, milango na viti viliuzwa, na vikarudisha zaidi ya nusu ya nilichotoa. Lakini hatukufungua hata skrubu moja kabla ya karatasi. Nilikaa na kile kipande cha kijani cha logbook mpaka kitabu kipya kilipofika kutoka Swansea, kwenye ofisi ya usajili wa magari, kikiwa na jina langu. Siku hiyo Ami alishika tochi akaisoma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta nyuma ya injini, tarakimu moja moja, mimi nikifuata kwa kidole kwenye karatasi. Zilipolingana zote, akaniambia nilete beseni tumwage oili.